Nilivyomfuata Juma Bakari, Maiti Aliyerudia Sanduku Lake

Tangu Jumamosi simu yangu haijatulia. Kila mtu wa kikundi chetu cha hadithi anauliza lile lile kwa namna yake: Zena, Alhamisi ulikwenda wapi, na kwa nini sura ya mwisho imegeuka? Nilidhani nitajibu kwa ujumbe wa sauti, lakini mnanijua. Nikikohoa katikati ya kusoma, nafuta naanza upya. Nikitamka jina vibaya, nafuta. Kwa hiyo naandika. Aya hii nimeshaiandika mara sita, na sasa naiacha ilivyo kabla sijaiharibu.

Kwa ambao hamkuwa kwenye kikundi

Naishi Merrylands, magharibi ya Sydney, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Mama Divine, mama wa Kirundi aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi Kigoma na ambaye siku hizi anahudumia wazee majumbani mwao. Mimi napanga maboksi ghalani Smithfield. Kuandika hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kusoma hadithi za upelelezi na kunakili aya nilizozipenda mpaka vidole vikauma, na mpaka leo naogopa kwamba siku moja mtu aliyesomea kazi hii atanyanyuka aseme, huyu binti anabahatisha.

Mwaka huu wa 2021 tulipofungiwa kwa ajili ya korona, na sisi wa magharibi tukabanwa kuliko wenzetu wanaokaa karibu na bahari, tuliambiwa tusivuke kilomita tano kutoka nyumbani. Nilianza kusoma magazeti ya kale ya Sydney, ya zama za Malkia Viktoria, ambayo yamewekwa mtandaoni bure. Humo ndimo nilimokutana na Juma Bakari.

Habari yake ilikuwa fupi. Juma Bakari, mtu wa Zanzibar, mchochea makaa kwenye meli ya moshi, alikutwa amekufa chini ya ngazi za mawe karibu na bandari. Uchunguzi wa kifo ulifanyika ndani ya baa, kama ilivyokuwa desturi enzi zile, maiti ikiwa chumba cha nyuma na waamuzi chumba cha mbele na bilauri zao. Wakaamua kwamba aliteleza. Akazikwa. Siku iliyofuata, mwenye nyumba ya kulala mabaharia alikopanga Juma alikwenda polisi akitetemeka. Alisema Juma Bakari amekuja mwenyewe kuchukua sanduku lake la bati. Uso ule ule, koti lile lile. Polisi wakamwambia apunguze kunywa. Wiki ile ile meli iling'oa nanga, na kwenye orodha ya wachochea makaa walioondoka nayo nikaona jina: Bakari Juma wa Zanzibar.

Nilipiga kelele peke yangu chumbani. Mtu kageuza jina lake, la mbele kalipeleka nyuma! Hadithi ikajiandika yenyewe. Juma kamuua mtu mwingine, kamvisha nguo zake, kamtupa ngazini, karudi kuchukua sanduku, kapanda meli kwa jina lililopinduliwa. Nikawa nawatumia kwa sauti sura moja kila Jumamosi baada ya magharibi, na nyinyi mkawa mnasubiri. Zikafika sura kumi na moja.

Kosa langu ni kwamba sikubadilisha jina. Nililiacha la kweli kwa sababu lilipendeza. Halafu siku moja nikiwa napanga maboksi likanijia: huyu alikuwa mtu. Alikuwa na mama. Hawezi kunijibu, na mimi nimewaambia watu sitini kwamba ni muuaji, kwa ushahidi wa mlevi mmoja na orodha moja. Tangu siku hiyo chakula kilikuwa hakishuki. Na sura iliyobaki ilikuwa ya kumhukumu. Kevo wa Blacktown, Mkenya wetu asiye na subira, alikuwa ananipigia kelele kila jioni: "Zena, wacha kutuzungusha! Huyo msee apelekwe ndani tulale!"

Nilitaka ushahidi mmoja tu kabla ya kumpeleka ndani, nao ni daftari la maziko. Makaburi alikozikwa yapo karibu na Lidcombe, na ofisi yake inatunza madaftari ya zamani. Niliambiwa nije Alhamisi saa nane mchana, kwa sababu mzee anayeyajua madaftari hayo huja siku hiyo tu. Sura ya mwisho ilikuwa ya Jumamosi. Nikiikosa hiyo saa nane, Juma angehukumiwa bila kusikilizwa.

Merrylands mpaka Parramatta, kwa miguu

Hapa lazima nikiri jambo. Kutoka Merrylands mpaka Lidcombe ni vituo vichache tu vya treni. Mtu mwenye akili zilizotulia angepanda saa saba na nusu na kufika kwa wakati. Mimi nilitaka kuifuata njia ya maiti: kuanzia kwenye ngazi alipoangukia, kisha treni mpaka makaburini, kwa sababu enzi zile maiti zilipelekwa huko kwa treni maalumu. Katika sura ya saba nilikuwa nimeandika kwamba ngazi zile ni arobaini kamili. Sikuwahi kuziona. Hesabu ile ilikuwa inaniwasha mwili mzima.

Vizuizi vilikuwa vimelegezwa. Mama Divine alikuwa na mapumziko, na aliposikia neno feri akasema anakuja, nipende nisipende.

"Miezi mine nimekaa kama kuku wa banda," alisema. "Leo nitaona maji."

Alibeba mfuko mkubwa uliofungwa vizuri na hakuniambia una nini. Mimi nilibeba daftari langu, rula, uzi wa kupimia, barakoa nne na chupa mbili za kitakasa mikono. Kulikuwa na ubaridi wa asubuhi, nikavaa koti la kazini, lile la njano linalong'aa. Kumbukeni koti hilo.

Tulitembea mpaka Parramatta. Mama Divine alisalimia kila aliyepita, mbwa nao hawakuachwa. Mimi nilikuwa naangalia saa.

Parramatta mpaka bandarini, kwa basi halafu feri

Gatini tulikuta maji yamekupwa. Mto pale ni mwembamba, na yakikupwa sana feri haifiki. Tukaambiwa tupande basi mpaka gati la mbele, Rydalmere, tukaikute huko. Basi likachelewa. Nilikuwa nimepanga kila dakika kwenye karatasi, na karatasi hiyo ilikufa pale pale, saa tatu na nusu asubuhi. Mama Divine aliniona ninavyoikunja na kuikunjua.

"Weye, maji inarudi yenyewe. Haihitaji karatasi yako."

Kwenye feri alikaa nje, upepo ukimpiga usoni, akafungua ule mfuko. Ndani mlikuwa na ugali uliofungwa kwenye nailoni, pilipili, na bakuli zima la dagaa wa kukaanga, wale ambao Warundi huwaita ndagala. Nilitamani kujitosa majini.

"Mama Divine, hapa watu wananusa!"

"Wananusa na nini? Si wote wamefunga pua?"

Nikatazama huku na huku. Kweli, feri nzima ilikuwa na barakoa. Ni yeye peke yake aliyeishusha yake kidevuni, akatafuna taratibu, na mimi nikashusha yangu. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile chakula kunishuka. Mfanyakazi mmoja wa feri, kijana mrefu mwenye ndevu nyekundu, alikuja akasimama mbele yetu. Nikajua tunafukuzwa. Akanyooshea bakuli kidole, akauliza ni samaki gani. Mama Divine alimmiminia dagaa mkononi. Kijana akala mmoja, akafumba macho, akaenda zake, kisha akarudi mara mbili kuomba wengine.

Mto ukapanuka, tukapita chini ya daraja kubwa, tukashuka.

Ngazi

Ngazi zile bado zipo, katika mtaa wa zamani juu ya bandari, kati ya kuta mbili za mawe. Nilizihesabu nikipanda: hamsini na moja. Nikazihesabu nikishuka: hamsini na mbili. Nikazihesabu tena. Mama Divine alikaa kwenye ngazi ya chini, akavua viatu.

"Ni ngapi?"

"Hamsini na moja. Niliandika arobaini."

"Na mutu anaweza kufa kwa arobaini?"

"Anaweza."

"Basi hata hii anaweza. Endelea mbele."

Sikuweza kuendelea mbele. Nilipiga magoti na rula, nikaanza kupima urefu wa kila ngazi. Nikiwa hapo nikasikia sauti juu ya kichwa changu. Bibi mmoja wa Kizungu, mwembamba, fimbo mkononi, alikuwa ananitazama kwa furaha isiyo ya kawaida.

"Hatimaye!" alisema. "Hatimaye mmekuja!"

Nilitazama nyuma yangu. Hakukuwa na mtu. Nikalitazama koti langu la njano, na rula, na uzi, na daftari, nikaelewa. Bibi yule alidhani nimetumwa na serikali ya mtaa kuja kutengeneza ngazi.

Mtu mwingine angesema hapana, samahani. Mimi niliona uso wake ulivyochangamka, nikashindwa. Nikafungua ukurasa mpya. Bibi akanishika kiwiko, akanipandisha taratibu, akinionyesha: chuma cha kushikia kimelegea hapa, taa imekufa pale, maji ya mvua yanatuama huku. Nikaandika yote. Mama Divine alikuwa anakuja nyuma yetu, barakoa inatikisika kwa kicheko.

Kwenye ngazi ya tatu kutoka juu bibi alisimama, akaigonga kwa fimbo.

"Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Tazama ilivyolika katikati. Mvua ikinyesha inakuwa sabuni. Mimi mwenyewe imenivunja nyonga. Mama yangu aliniambia tangu nikiwa mdogo: hii inaua watu."

"Tangu zamani?" niliuliza.

"Mwanangu, imelika hivi kabla mama yangu hajazaliwa."

Nikaitazama. Ilikuwa imezama katikati kama bakuli. Niliweka mguu wangu, na hata ikiwa kavu, kisigino kilisogea. Katika hadithi yangu nilikuwa nimeandika kwamba mtu mzima, baharia aliyezoea meli inayoyumba, hawezi kuteleza kwenye ngazi hivi hivi. Nilikuwa nimeiandika sentensi hiyo kwa kiburi kabisa. Na siku aliyokufa Juma, gazeti lilisema, mvua ilikuwa imenyesha.

Nikamwahidi bibi kwamba malalamiko yake yatafika, na ili msinione mwongo, niliyatuma kwa serikali ya mtaa jioni ile ile, mambo kumi na manne, kwa mpangilio mzuri.

Tulipoachana naye ilikuwa saa sita na robo. Dakika arobaini zilikuwa zimekwenda.

Treni ya Lidcombe

Tulipata treni. Nikajiambia tutafika saa saba na nusu, vizuri kabisa. Kabla hata ya nusu ya njia ikasimama kituoni, milango wazi. Abiria mmoja wa behewa la mbele alikuwa amezidiwa, ikabidi gari la wagonjwa lisubiriwe. Watu wakatazamana juu ya barakoa zao, kila mmoja akijiuliza kama ni ule ugonjwa. Mimi nilikuwa najiuliza kuhusu saa nane, na nikaona haya kwa kujiuliza hivyo.

Mama Divine alichukua daftari langu mapajani ili niache kulifungua na kulifunga. Akaanza kulisoma. Alisoma taratibu, kidole chini ya kila neno, mpaka akafika kwenye ukurasa niliokuwa nimenakili ile orodha ya meli.

"Hapa umepaka nini nyeupe?"

"Wino wa kufutia. Karani alikosea. Umri wa Bakari Juma aliandika kumi na tisa. Nikasahihisha, arobaini na tisa."

"Ulimuuliza?"

"Nani?"

"Karani."

"Mama Divine, karani amekufa zaidi ya miaka mia."

"Bon. Kwa nini unamusahihisha mutu mwenye hawezi kukujibu?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini ni swali lile lile nililokuwa najiuliza kuhusu Juma, na kumbe kosa lile nilikuwa nimelifanya mara mbili. Nikajaribu kumweleza. Mtu ni mmoja, nikasema. Gazeti lilisema Juma ana umri wa miaka arobaini na sita. Kumi na tisa haiingii akilini. Arobaini na tisa angalau inakaribia.

Aliweka kidole kwenye jina la kwanza, kingine kwenye la pili.

"Juma Bakari. Bakari Juma. Mimi ninaona watu wawili."

"Ni mmoja. Kageuza jina."

"Kwenu mutu anageuza jina?"

"Hapana, lakini huyu alikuwa anakimbia."

"Sikia. Kwetu kila mutoto ana jina yake peke yake. Mimi na Divine hatuna jina moja hata herufi. Shuleni wananiuliza, 'Are you the guardian?' Masaa kumi na nane niko naugua kumuzaa, halafu mimi ni guardian, mulezi tu!" Mzee mmoja wa kiti cha mbele aligeuka. Mama Divine akashusha sauti. "Kwa hiyo mimi mambo ya majina ya watu wa pwani siijui. Nifundishe. Kaka yako anaitwa nani?"

"Omari."

"Omari nani?"

"Omari Shabani."

"Na baba yenu?"

"Shabani O..."

Sikumaliza. Naandika haya na bado mashavu yananiwaka.

Kwa wenzangu wa bara na wa nchi nyingine: kwetu jina la pili ni la baba, na mtoto wa kwanza wa kiume mara nyingi hupewa jina la babu yake mzaa baba. Baba yangu ni Shabani Omari. Kaka yangu ni Omari Shabani. Kila barua inayofika nyumbani Tanga inafunguliwa na mtu asiye mwenyewe. Hospitali waliwahi kumdunga kaka sindano ya baba. Nimekua nikicheka mkanganyiko huo, nimekula nao sahani moja miaka ishirini. Halafu nimekaa Merrylands, nimejaza fomu za huku mpaka nikaanza kuyasoma majina yetu kama karani wa huku, nikaona Juma Bakari na Bakari Juma, na mimi, binti wa Shabani Omari na dada wa Omari Shabani, nikasema: muuaji.

"Ana mtoto," nilimwambia Mama Divine. "Alikuwa na mtoto wake melini."

"Wa miaka kumi na tisa," alisema, akanirudishia daftari.

Niliukwangua ule wino mweupe kwa ukucha. Chini yake kumi na tisa ilikuwa pale pale, safi kabisa, ikinisubiri.

Treni ikaondoka. Ilikuwa saa saba na dakika hamsini. Sasa sikuwa tena nataka ushahidi wa kumfunga Juma. Nilitaka wa kumtoa, na niliutaka kweli, kwa sababu uhakika peke yake nilishawahi kuwa nao mara moja, mkaona matokeo yake.

Makaburini

Kutoka kituoni Lidcombe mpaka ile ofisi ni mbali kuliko ramani inavyosema. Makaburi yale ni mji. Yana barabara, yana mabango ya mitaa, yana vichochoro vya kupotelea. Tulipotea mara mbili. Mama Divine alikimbia na viatu mkononi. Tulifika saa nane na dakika ishirini na tano, na mzee alikuwa nje, anafunga mlango kwa ufunguo.

"Samahani," nilisema huku nahema. "Nimechelewa. Ni makosa yangu. Nilihesabu ngazi."

Alinitazama, kisha akalitazama koti. "Mtu wa ngazi?"

"Si mtu wa ngazi! Nina miadi. Kuhusu baharia wa Zanzibar."

Alikuwa mzee mpole, miwani imeingia ukungu kwa sababu ya barakoa. Akafungua tena. Mlangoni tukasimama kuskani kwa simu ile picha ya miraba ya kujisajili, na kuonyesha vyeti vya chanjo. Simu ya Mama Divine ilikuwa imekufa chaji. Mzee akampa karatasi na kalamu aandike jina lake. Aliandika, mzee akasoma, akatutazama sisi wawili.

"Nyinyi ni ndugu?"

"Majirani," nilisema.

"Ndugu," alisema Mama Divine.

Daftari lilikuwa limeshafunguliwa juu ya meza kwenye ukurasa wetu. Mzee alikuwa ameliandaa tangu saa saba. Mwandiko wa karani ulikuwa wa madoido. Nikaufuata kwa kidole bila kugusa. Juma Bakari. Baharia. Zanzibar. Umri, arobaini na sita. Mwisho wa mstari kulikuwa na safu ya aliyefuatana na maiti. Katika mistari mingine watu walikuwa wamesaini, au wameweka alama ya msalaba kama hawajui kuandika. Katika mstari wetu kulikuwa na michoro midogo ya wino, imejikunja, imepanda kidogo upande mmoja.

"Hiyo tumezoea kuiita doa," alisema mzee. "Tunadhani kalamu ilivuja, au ni alama ya mtu asiyejua kusoma."

Niliinama karibu. Halafu nikaacha kuitazama kutoka kushoto.

Nilisoma madrasa miaka saba, Tanga, na mwalimu aliyetuchapa vidole herufi zikikosa nukta. Nilianzia kulia. Be. Kaf. Re. Nilisoma herufi moja moja kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, na zilipoungana sikuweza kuziacha.

"Bakari bin Juma," nilisema. Na chini yake, kwa herufi ndogo, kwa Kiswahili: "Mwanawe."

Nikamtafsiria mzee. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akainama yeye naye kulitazama doa lake.

"Alikuwa anajua kusoma, basi," alisema.

"Alikuwa anajua," nilisema, nikaanza kulia, kwa unafuu zaidi ya kitu kingine. Hakuna aliyeuawa. Baba aliteleza kwenye ngazi ya tatu siku ya mvua. Mtoto wake, aliyekuwa analala melini na ambaye mwenye nyumba hakuwahi kumwona, alimzika, akavaa koti la baba yake kwa sababu ni baridi, akaenda kuchukua sanduku, na uso aliokwenda nao ni ule aliorithi. Pengine alijaribu kueleza mlangoni. Alieleza kwa Kiswahili.

Mzee alituelekeza mahali penyewe. Hakuna jiwe, ni nyasi na namba ya safu. Nilisoma Fatiha. Kisha nikamwomba radhi Juma Bakari kwa jina lake lote, kwa sura zote kumi na moja, na kwa zile ngazi arobaini pia, maana sikutaka kubakisha kitu. Mama Divine, ambaye ni Mkristo wa kanisa la kila Jumapili, alisubiri nimalize, akasogea mbele na viatu vyake mkononi.

"Mzee Juma," alisema, "huyu mutoto ni wetu. Anaandika sana, lakini si mubaya."

Kurudi Merrylands

Kurudi hakuna la kusimulia, na hiyo yenyewe ilikuwa raha. Treni ilikuja ilipotakiwa kuja. Merrylands tulinunua mikate miwili ya moto kwa Waafghani, ile mirefu, na mmoja uliisha kabla hatujafika nyumbani. Nilipiga simu Tanga, kwao ilikuwa bado asubuhi. Sauti ikaitika, na simuni sauti za baba na kaka nazo zinafanana.

"Omari au Shabani?" niliuliza.

"Unamtaka nani?" Ilikuwa ya baba.

"Yeyote."

"Yeyote anakunywa chai. Umekula?"

Nikamwambia nimekula dagaa kwenye feri. Hakuamini.

Ijumaa niliandika sura ya mwisho kwa siku moja, mimi ambaye sentensi moja hunichukua wiki. Jumamosi baada ya magharibi nikaisoma na kuituma. Mlisikia wenyewe: hakuna muuaji, kuna kijana anapanda zile ngazi na sanduku la bati begani. Mwanzoni nilisema wazi kwamba nilikosea, na nilikosea wapi.

Wa kwanza kujibu alikuwa Kevo, mbele ya wote: "Zena. Chapter kumi na mbili, na hakuna killer? Ni mzee aliteleza, kijana akabeba box ya babake? Hiyo tu?"

Nikaandika: "Ndiyo. Hiyo tu." Nikaweka simu kifudifudi, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Nilipoigeuza kulikuwa na ujumbe wake mwingine, wa mimi peke yangu. Amenipa ruhusa niutaje hapa. Alisema mzee wake alifariki mwezi wa sita, Kakamega, wakati mipaka imefungwa, na yeye alitazama maziko kwenye simu akiwa amekaa ndani ya gari, maegesho ya kazini. Hakuwa amemwambia mtu yeyote.

"Nisomee tena hapo kijana anabeba sanduku," aliandika. "Pole pole."

Nikarekodi upya, kwa ajili yake tu. Kwenye ngazi ya tatu kutoka juu nikakohoa, nikaendelea mpaka mwisho. Sikufuta. Niliituma hivyo hivyo.